Kunde Moja kwa Kila Mzunguko

Mwaisha alikuwa na miaka thelathini na sita alipoambiwa kwamba moli ya Kemia ni kama fungu la nyanya, na maneno hayo yalimpotezea miezi minne.

Aliyemwambia hakuwa na nia mbaya. Mwalimu Athanas alikuwa kijana mpole kutoka Kagera, aliyekuja Morogoro kusoma chuo na hakurudi kwao. Alifundisha twisheni ya Kemia mtaa wa Kihonda, katika chumba cha kupanga kilichopakana na mashine ya kusaga. Kwa sababu ya mashine hiyo alijifunza kusema kwa vipande: ikinguruma, ananyamaza na chaki mkononi, ikitulia, anaendelea pale alipoachia. Unga uliingia dirishani ukatua juu ya ubao, juu ya madaftari, juu ya kope za watu, na kila jioni wanafunzi walitoka mle wakiwa wamezeeka kidogo.

Walikuwa kumi na wanne, wote warudiaji wa kidato cha nne. Wengi walifeli mwaka jana au mwaka juzi. Mwaisha alifeli zamani, wakati Shakila, binti aliyekaa naye benchi moja, alikuwa bado ananyonya. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, gauni lake la bluu la mhudumu wa zahanati limefunikwa kanga, na aliketi karibu na mlango kana kwamba wakati wowote angeitwa.

Zahanatini alikuwa amefanya kazi miaka kumi na miwili. Alipiga deki, alifua mashuka, alichemsha vifaa. Lakini mtoto aliyekataa sindano aliletwa kwake, akamshika kwa namna yake, na mtoto akatulia. Sista Felista, muuguzi mkuu, alimwambia siku moja wakikunja mashuka:

"Mikono yako ni ya muuguzi, Mwaisha. Karatasi zako ndizo za mpiga deki."

Chuo cha uuguzi kilitaka pasi ya Kemia. D ingetosha. Masomo mengine yote alikuwa nayo. Pale kwenye Kemia cheti chake kilikuwa na F, imekaa kama jino lililong'oka. Mwenye zahanati alikubali kumwachia nafasi yake akienda kusoma, ila alisema wazi kwamba ahadi hiyo ni ya mtihani wa mwaka huu tu. Akifeli, angemwajiri mtu ambaye tayari ana cheti.

Mwaka uliopita alirudia mtihani peke yake, bila twisheni, akapata F nyingine. Kilichomuuma zaidi hakikuwa F. Swali moja lilimpa idadi ya chembe, namba ndefu yenye sifuri nyingi, likamtaka aseme hizo ni moli ngapi. Aligawanya, akapata mbili. Akaitazama ile mbili. Namba kubwa kiasi kile, ndefu kuliko foleni ya kliniki, iweje mwisho wake uwe mbili? Akaifuta. Akazidisha badala ya kugawanya, akapata namba kubwa zaidi, akaridhika. Nje ya chumba cha mtihani alisikia vijana wawili wakisema, "Ile ilikuwa mbili tu, rahisi." Alitembea hadi nyumbani bila kukumbuka njia aliyopita.

Ndiyo maana alikuja kwa Mwalimu Athanas.

"Tuseme hivi, mama," mwalimu alimwambia wiki ya kwanza. "Chembe ni ndogo mno. Huwezi kuhesabu moja moja ukamaliza. Kwa hiyo tunazihesabu kwa mkupuo. Umewahi kuuza nyanya?"

"Nimeuza. Soko la Mawenzi, miaka saba, na marehemu mama yangu."

"Basi yamekwisha. Moli ni fungu."

Mwaisha alicheka kwa furaha. Kumbe jambo lenyewe ndilo hili? Aliandika kwenye daftari, akapigia mstari: moli ni fungu.

Lakini fungu la Mawenzi lina bei, halina idadi. Nyanya zikiwa kubwa, unapanga nne, tatu chini na moja juu. Zikiwa ndogo, unapanga saba, hata nane. Msimu wa mvua fungu linanenepa, kiangazi linakonda. Mtu anayepanga nyanya kubwa nane kwenye fungu moja ama ni mgeni wa soko ama ana msiba. Mwaisha alikuwa amepanga mafungu elfu na elfu, na vidole vyake vilijua jambo hilo kabla ya kichwa: kitu kikiwa kikubwa, kinakuwa kichache.

Kwa hiyo alipoulizwa moli moja ya shaba ina atomu ngapi, alichukua ile namba waliyopewa wote waikariri, sita nukta sifuri mbili mara kumi kwa kipeo cha ishirini na tatu, akaigawanya kwa sitini na nne, ambao ndio uzito wa shaba. Kwa kaboni akagawanya kwa kumi na mbili. Haidrojeni, ambayo ni nyepesi kuliko zote, aliiachia namba nzima. Alifanya maswali ishirini kwa utaratibu huo, mistari imenyooka, majibu yamepigiwa mstari chini. Alipata mawili.

Mwalimu Athanas alilikagua daftari kwa muda mrefu. Alikuwa amezoea makosa ya uvivu, makosa ya kubahatisha. Haya yalikuwa makosa yenye adabu.

"Mama, hii sitini na nne umeitoa wapi?"

"Ni uzito wa shaba."

"Najua. Kwa nini umegawanya?"

"Si chembe zake nzito, mwalimu? Zikiwa nzito, fungu linachukua chache."

Mashine ikanguruma. Mwalimu akasubiri, chaki mkononi, akimwangalia. Ilipotulia akasema polepole:

"Hapana. Idadi haibadiliki. Moli moja ya kitu chochote ina idadi ile ile, hiyo uliyoikariri."

"Hata kaboni?"

"Hata kaboni."

"Basi hilo si fungu, mwalimu."

Shakila akaegemea ukuta. "Mwalimu, huyu bi mkubwa umempoteza mwenyewe. Wewe nyanya unaziona kwenye mchuzi wa mama ntilie tu, fungu utalijulia wapi?"

Darasa likacheka, mwalimu naye akacheka. Siku iliyofuata alileta trei la mayai, tupu, akaeleza kwamba trei ni mayai thelathini, yawe makubwa, yawe madogo. Mwaisha alielewa. Alirudia maneno yale kwa usahihi. Kisha akapewa hesabu, na mkono wake ukarudi sokoni.

"Trei nimelielewa," alimwambia Shakila wakitoka. "Nikishika kalamu tu, naanza kupanga nyanya."

"Usishike kalamu, basi. Mwambie msimamizi wa mtihani akuletee genge la nyanya."

Hivyo ndivyo miezi minne ilivyokwenda. Alikariri kwamba idadi haibadiliki, kama mtu anavyokariri namba ya simu. Kisha likaja jambo la pili, la kujua wakati wa kugawanya na wakati wa kuzidisha, na hapo alipotea kabisa. Siku alizogawanya, ilitakiwa azidishe. Akizidisha, mwalimu anatikisa kichwa kwa upole. Upole ule ulimchosha kuliko kukemewa. Kazini alijikuta amesimama katikati ya korido na ndoo mkononi, hajui alikuwa anaelekea wapi.

Mwezi mmoja na nusu kabla ya mtihani, arobaini ya Mjomba Mwinshehe ilifika. Mwaisha aliomba ruhusa ya siku mbili akapanda milimani, kwao Kinole.

Huko ukungu ulikuwa haujaondoka migombani ingawa jua lilishatoka. Wanaume waliketi nje kwenye turubai, wanawake ndani ya nyumba ya Mama Mkubwa Mwamvita, dada wa mama yake, ambaye ndiye aliyebaki katika watoto wote wa bibi yao. Katika nyumba ile marehemu husomewa tahlili elfu sabini: *La ilaha illa Llah*, mara elfu sabini, zigawanywe kwa vinywa vyote vilivyopo. Hakuna anayeweza kuhesabu hadi elfu sabini bila kupotea. Kwa hiyo kila mtu ana tasbihi yake, punje tisini na tisa na kile kichwa chake, na mzunguko mmoja unahesabiwa mia. Ukimaliza mzunguko, unachukua kunde moja kutoka kwenye ungo, unaitia katika bakuli la bati lililowekwa katikati. Kisha unaanza upya.

Mwaisha alikuwa amefanya hivi tangu utotoni. Aliketi karibu na Mama Mkubwa, akaanza. Tasbihi yake ilikuwa ya plastiki, nyepesi, aliyoletewa zawadi. Ya Mama Mkubwa ilikuwa ya mpingo, punje nene kama kunazi, na ilipopita vidoleni ilitoa mlio mzito. Kunde zililia katika bati, ti, kisha ti, sasa huku, sasa kule.

Saa moja ikapita, ikaja ya pili. Alipokuwa akitia kunde yake, mkono wa Mama Mkubwa nao ulifika, na kunde mbili zikaanguka pamoja. Mwaisha akazitazama zikibingirika. Moja ilitoka kwenye mpingo na moja kwenye plastiki. Ndani ya bakuli hakujua ipi ni ipi.

Akaacha kusoma.

"Mama Mkubwa," alinong'ona.

"Nini?"

"Tasbihi yako ina punje kubwa."

"Ya marehemu bibi yako hiyo."

"Mbona mzunguko wako unahesabiwa sawa na wangu?"

Mama Mkubwa alimtazama kama anavyotazamwa mgonjwa wa homa. "Kwani Mungu anapima kwa mizani? Mia ni mia. Soma."

Mwaisha hakusoma. Aliomba tasbihi ile, akaishika mkono wa kulia, ya kwake mkono wa kushoto. Huku uzito wa jiwe la mafiga, kule uzito wa maganda. Na zote mia. Aliziinua, akazishusha. Mwanamke mmoja aliyekaa ukutani akaguna, akamuuliza jirani yake kama yule mpwa wa marehemu anaumwa.

Mchana Mama Mkubwa alimwaga kunde kwenye mkeka, akazihesabu kwa kuzivuta kumi kumi kwa kidole. Hakuwahi kwenda shule hata siku moja.

"Mia sita na arobaini," akasema. "Bado elfu sita."

"Elfu sita umezijuaje, Mama Mkubwa?"

"Si kunde sitini zimebaki? Kila kunde mia. Wewe ndiye unayesoma huko mjini."

Mwaisha alisogea karibu na mkeka. Aliona kwamba kutoka kwenye kunde kwenda kwenye maneno yaliyosomwa, Mama Mkubwa anazidisha. Na mtu akija na maneno elfu sabini, akataka kujua ni kunde ngapi, atagawanya kwa mia, na zitakuwa mia saba tu. Maneno ya siku nzima, ya vinywa arobaini, yanaingia katika bakuli moja la bati na hata halijai. Namba kubwa inaweza kuishia ndogo, na hakuna kilichopotea.

Akakumbuka ile mbili aliyoifuta. Akaona haya, akajifunika kanga.

Aliporudi Kihonda alimweleza Mwalimu Athanas yote, kwa haraka, maneno yakigongana. Punje ni chembe. Mzunguko ni moli, ila wenyewe si wa mia, ni wa ile namba ndefu. Kunde ndiyo jibu unaloandika. Mpingo au plastiki ni mambo ya mizani, hayaigusi hesabu ya punje.

Mwalimu aliandika punje, mzunguko na kunde ubaoni, akajaribu swali moja. Mashine ilinguruma ikatulia, naye bado anagawanya.

"Ni sawa," akasema. "Nadhani ni sawa kabisa. Ila, mama, kwenye mtihani usiandike kunde."

"Na sisi wa rozari tunaruhusiwa?" aliuliza mtu wa benchi la nyuma. "Sisi punje zetu ni hamsini na tisa."

"Nyie mtapata D kasoro," akajibu Shakila.

Kwa wiki tatu Mwaisha alipata maswali mengi kuliko aliyokosa. Kisha wakafika kwenye gesi ya oksijeni, na ukungu ukarudi. Atomu za oksijeni, alieleza mwalimu, hazitembei moja moja. Zinatembea mbili mbili, na kila jozi ni molekuli. Mwaisha alijaribu kuwaza tasbihi ambayo punje zake zimegandana jozi jozi. Akihesabu jozi, anapata mia. Akihesabu punje, mia mbili. Sasa kunde ni ya jozi au ya punje?

"Ni kama bodaboda, bi mkubwa," alisema Shakila. "Kila moja ina dereva na abiria. Bodaboda mia, watu mia mbili. Angalia tu umeulizwa nini, bodaboda au watu."

"Na nikiwa sijui nimeulizwa nini?"

"Hapo sasa."

Siku ya mtihani alivaa baibui alilovaa Kinole kwenye arobaini. Mlangoni msimamizi aliwataka watahiniwa watoe vilivyomo mifukoni, na Mwaisha akatoa kalamu mbili, kitambaa, na kunde tano ambazo hakujua kama alikuwa nazo.

"Hizi za nini?"

"Kunde."

"Naona ni kunde. Za nini?"

Jibu la kweli lilikuwa refu mno kwa pale mlangoni. "Za mboga," akasema.

Msimamizi alimtazama, akazitazama kunde, akaziweka kwenye kizingiti cha dirisha karibu na meza yake. Zilikaa pale muda wote, kunde tano juani.

Swali lilikuwa la sita. Lilisema kwa Kiingereza chake kikavu kwamba sampuli ina chembe moja nukta nane sifuri sita mara kumi kwa kipeo cha ishirini na nne; tafuta ni moli ngapi. Mwaisha alifumba macho. Hizi ni punje. Zimesomwa zote. Ni kunde ngapi zilizoanguka? Akagawanya. Akapata tatu.

Tatu.

Ilikuwa ndogo kuliko alivyotegemea, ndogo kuliko namba yoyote kwenye ukurasa ule. Msichana wa mbele yake alikuwa anaandika mstari mrefu, sifuri baada ya sifuri. Labda yeye ndiye aliyepata. Mwaisha alishika kifutio. Akajaribu kukumbuka kama ni kunde kwenda punje au punje kwenda kunde, na kwa muda, hajui urefu wake, vitu vyote viwili vilikuwa kitu kimoja, na mzunguko ulikuwa punje, na shaba ilikuwa nyanya.

Akatazama dirishani. Kunde zilikuwa tano, si tatu, hazikumsaidia chochote. Lakini zilikuwa chache. Alitazama uchache wake. Kisha akakiweka kifutio chini ya paja lake, akakikalia, akaendelea na swali la saba, ambalo lilikuwa la oksijeni, na ambalo mpaka leo hajui aliulizwa bodaboda au watu.

Matokeo yalitoka Januari. Sista Felista ndiye aliyeyafungua kwenye simu yake, chumba cha sindano, akasogeza orodha kwa kidole gumba. Mwaisha alisimama na beseni la vifaa, anatazama mfuniko wa beseni.

"D," alisema Sista Felista.

"Ya nini?"

"Ya Kemia, Mwaisha. Umesoma nini kingine?"

Aliliweka beseni mezani. Kisha akalichukua tena, akaenda kuvichemsha vifaa, kwa sababu maji yalikuwa tayari motoni.

Kabla ya kwenda chuoni alipanda Kinole kuaga. Mama Mkubwa alikuwa barazani anapukuchua kunde. Mwaisha alimwamkia, akaketi, akaanza kumsaidia. Baada ya kitambo akamweleza kwamba zile kunde za arobaini ndizo zilizomvusha.

"Sasa hiyo tasbihi yenu ya shuleni," aliuliza Mama Mkubwa, "mzunguko wake ni mia ngapi?"

Mwaisha alijaribu kueleza. Alianza na elfu, akaenda elfu ya elfu, akaendelea hadi maneno yakamwishia, akachora sifuri kwenye vumbi la baraza kwa kidole, moja, mbili, tano, kumi, hadi akafika kwenye mguu wa kigoda.

Mama Mkubwa alizifuata zile sifuri kwa macho. "Aliyezihesabu zote hizo alitumia kunde za wapi?"

"Sijui, Mama Mkubwa."

"Hukumuuliza mwalimu?"

"Nilimuuliza. Alinieleza."

"Ukaelewa?"

Mwaisha alifikiri kwa uaminifu. "Hapana."

"Na umefaulu?"

"Nimefaulu."

Mama Mkubwa alitikisa ungo, maganda yakaruka, kunde zikabaki. "Sogea hapo," akasema, "umekanyaga sifuri zako."